Mashine zifunzwe kwanza ndimi za watoto wa Isiolo

Mwaka 2013 taifa letu liliahidiwa kwamba kila mtoto aingiaye darasa la kwanza katika shule ya umma angepewa tarakilishi yake. Ahadi hiyo ilipitia mivutano ya zabuni, ikabadilika umbo, na kufikia mwaka 2016 vishikwambi vikaanza kupakiwa malorini kuelekea shuleni. Vilivyogawanywa tangu hapo vimepita milioni moja, na shule zilizovipokea zimepita 20,000. Pamoja na vishikwambi zilipelekwa tarakilishi za walimu, projekta, na kisanduku cha kuhifadhia masomo ili mwanafunzi aweze kuyasoma hata pasipo na intaneti.

Siandiki leo kuuliza ni vifaa vingapi vingali vizima na ni vingapi vimefungiwa stoo. Swali hilo limeulizwa na wengi, na ni la haki. Langu ni jingine, nalo halijaulizwa vya kutosha: kifaa hicho kinapowashwa na kuanza kufunza lugha, kinazungumza na mtoto gani?

Mimi ni mwalimu wa Kiswahili katika shule moja ya upili mjini Isiolo. Nimezipitia programu nyingi zinazosifiwa kwamba zinafunza lugha, nami nimefikia rai moja ambayo nataka kuitetea mbele yako, msomaji. Mashine haiwezi kumfunza mtoto lugha ya pili vizuri iwapo haijui chochote kuhusu lugha yake ya kwanza. Na kwa kuwa waundaji wa mashine hizo hawajafika Merti wala Oldonyiro kujifunza jinsi watoto wetu wanavyosema, kazi ya kuzifunza mashine hizo ni yetu sisi walimu na wanafunzi. Bahati njema ni kwamba kazi hiyo haihitaji mamilioni ya fedha. Yahitaji simu moja yenye uwezo wa kunasa sauti, na saa chache kila wiki.

Asiyeijua Isiolo huenda akadhani kwamba nazungumzia tatizo la kijiji kimoja. La hasha! Mji huu ni njia panda ya ndimi. Baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia, askari wa Kisomali waliokuwa wametumikia jeshi la Waingereza walipewa makao hapa. Serikali ya kikoloni ikaufanya mji kuwa makao yake ya kuitawala Wilaya ya Mpaka wa Kaskazini. Waborana na Wasakuye walikuwa na malisho yao kandokando ya Ewaso Ng'iro. Waturukana na Wasamburu wakawa majirani. Wameru wakashuka kutoka milimani na mazao yao. Ingia leo soko la mifugo utasikia bei ya mbuzi mmoja ikitajwa kwa lugha tatu kabla ya mnunuzi na muuzaji kukutana kwenye Kiswahili.

Mtoto wa mjini basi hukipata Kiswahili barabarani bila kulipa karo. Hukisikia dukani, msikitini, kanisani na kwenye stendi ya magari yaendayo Moyale. Lakini mtoto aliyelelewa Sericho au kwenye nyanda za mbali za Merti, ambaye siku zake amezipitisha akiwafuata ngamia na mbuzi pamoja na ndugu zake, hukutana na Kiswahili kwa mara ya kwanza ubaoni. Hapo hakipati kama lugha ya kuombea maji au ya kumwita rafiki. Hukipata kama somo. Watoto hawa wawili hatimaye huketi kwenye dawati moja katika shule ya upili, wakafunguliwa kitabu kimoja, na mwishoni wakapewa mtihani mmoja.

Tangu mfumo wa 8-4-4 ulipoanza mwaka 1985, Kiswahili kimekuwa somo la lazima. Mtaala wa umilisi uliokuja baadaye haukukipunguzia uzito. Umeongeza jambo jema, kwani umeweka kusikiliza na kuzungumza kuwa stadi za kufunzwa waziwazi. Hata hivyo, mtihani wa kidato cha nne una karatasi tatu, zote za kuandikwa. Mtahiniwa anaweza kuzipita zote tatu bila mtu yeyote kuisikia sauti yake. Nasi walimu, tunaopimwa kwa matokeo ya mtihani, hujikuta tumefunza kile kinachotahiniwa. Sauti ya mwanafunzi husahaulika. Anayenyamaza darasani huhesabiwa kuwa mtulivu, kumbe ni mtu aliyefungiwa nje ya mlango.

Tuingie sasa katika undani wa jambo lenyewe, maana ni humo ambamo mashine nyingi hushindwa.

Tuchukue sentensi fupi: "Mtoto amekunywa maziwa." Mswahili humtaja mtenda, kisha kitendo, kisha kinachotendwa. Lakini Kiborana, ambacho ni tawi la Kioromo, hukiweka kitendo mwishoni. Kwa mpangilio wa Kiborana sentensi hiyo ingekuwa: "Mtoto maziwa amekunywa." Kisomali nacho kwa kawaida hukiweka kitendo mwishoni. Geukia upande wa Waturukana na Wasamburu: hao hukitanguliza kitendo. Kwao ingekuwa: "Amekunywa mtoto maziwa." Hivyo katika darasa moja la Isiolo kuna njia tatu za kuyapanga maneno vichwani mwa wanafunzi kabla mwalimu hajafungua kinywa.

Njoo kwenye ngeli, mama wa vilio vyote vya somo la sarufi. Kiborana huyagawa majina katika jinsia mbili, ya kiume na ya kike. Kiturukana kina ya kiume, ya kike, na ya tatu isiyo ya kiume wala ya kike. Mmeru, ambaye lugha yake ni ya Kibantu, huja na ngeli zake kutoka nyumbani. Ukimwambia kwamba kivumishi hufuata ngeli ya jina, hashangai. Mborana akiambiwa hivyo hivyo, huwa anafunzwa jambo jipya kabisa kuhusu namna ulimwengu unavyoweza kupangwa kwa maneno. Kumfunza kwa maelezo yaleyale aliyopewa Mmeru ni kumpa viatu vya mtu mwingine na kumwamrisha akimbie.

Na sauti je? Kisomali hakina /p/ wala /v/. Kiborana nacho hakina sauti hizo isipokuwa katika maneno ya kukopa. Mtoto wa lugha hizo akisema "nimebata" badala ya "nimepata", hana uvivu wala utundu. Sikio lake halijafunzwa kuona mpaka kati ya sauti hizo mbili. Kiturukana na Kisamburu hazina /f/. Mwanafunzi mmoja aliposoma darasani kwangu kwamba "mgeni alipika jioni", wenzake waliangua kicheko, kwani kitabu kilisema mgeni alifika. Kicheko kile kilidumu nusu dakika. Kimya cha mwanafunzi yule kilidumu muhula mzima.

Hicho ndicho kilicho hatarini, msomaji. Alama ya mtihani ni jambo kubwa, lakini kubwa zaidi ni kijana aliyeamua, akiwa na umri wa miaka kumi na mitano, kwamba lugha ya taifa lake si yake. Kijana huyo hatasimama barazani kumwuliza mwakilishi wa wadi swali. Hatamweleza daktari aliyetoka mbali mahali mama yake anapoumwa. Atatafuta mtu wa kumsemea, na msemewa siku zote hulipa.

Sasa tuzitazame mashine zinazosifiwa. Programu maarufu ya Duolingo ilianza kufunza Kiswahili mwaka 2017. Ni kazi ya kusifika. Imewavuta watu wa ng'ambo waingie katika lugha yetu. Lakini iliandaliwa kwa ajili ya msemaji wa Kiingereza. Humweleza kila jambo kwa kulilinganisha na Kiingereza. Mtoto wa Garbatulla akitaka kuitumia, hana budi apitie kwanza lugha ya tatu, ambayo huenda inamtatiza kuliko hiyo anayoitafuta. Ni sawa na kumwambia mtu anayetoka Isiolo kwenda Marsabit apitie Mombasa kwanza.

Mashine ya kutafsiri ya Google ilipokea Kiswahili mwaka 2009, Kisomali mwaka 2013, na Kioromo mwaka 2022. Mwezi Juni 2024 ikaongeza lugha 110 kwa mkupuo mmoja, Kijaluo kikiwamo. Kiturukana na Kisamburu hazikuwamo. Hata hicho Kioromo kilichoingizwa kina kasoro kwetu. Maandishi mengi ya Kioromo yaliyomo mtandaoni yametoka Ethiopia, ambako alfabeti ya Kilatini ilikubaliwa rasmi mwaka 1991, na ambako lugha hiyo ina magazeti, vitabu na shule. Kiborana cha Isiolo kina maneno yake na matamshi yake. Mwanafunzi wangu akiisoma tafsiri ile huielewa kwa sehemu, kisha husema, "Mwalimu, hivi ndivyo wanavyosema watu wa ng'ambo ya mpaka."

Sizilaumu kampuni hizo. Mashine ya lugha ni kama ndama: hukua kwa kile inachonyonyeshwa. Penye maandishi mengi na sauti nyingi zilizonaswa, mashine huwa hodari. Pasipo na kitu, huwa bubu. Waborana, Waturukana na Wasamburu wana bahari ya masimulizi, vitendawili na nyimbo, lakini bahari hiyo imo vinywani. Haimo katika maandishi wala katika kanda. Mtaka cha mvunguni sharti ainame, na anayepaswa kuinama kwanza ni mwenye nyumba.

Kabla sijaeleza jinsi ya kuinama huko, nataka tukumbuke kwamba nchi hii si ngeni katika kutumia mitambo kufunza lugha. Mwanzoni mwa miaka ya 1980, Taasisi ya Elimu ya Kenya kwa ushirikiano na Wamarekani ilijaribu kuwafunza watoto wa darasa la kwanza hadi la tatu Kiingereza kwa kutumia redio. Kipindi kilikuwa cha nusu saa, kila siku ya shule. Redio haikuhutubu. Iliuliza swali, ikanyamaza, na watoto wakajibu kwa sauti pamoja. Kisha ikatoa jibu sahihi ili kila mtoto ajisahihishe papo hapo. Walipotahiniwa, watoto waliofunzwa kwa redio walifanya vyema kuliko wenzao katika kusikiliza na kusoma. Mradi ulifika kikomo mwaka 1985, na baadaye nchi ya Lesotho ikaichukua njia hiyo na kuirekebisha kwa ajili ya watoto wake.

Redio ile haikuwa na picha, wala mwanga, wala mtandao. Ilikuwa na mambo mawili tu: ilimtaka mtoto afungue kinywa, na ilikuja kila siku. Mwaka 2020, shule zilipofungwa mwezi Machi kwa sababu ya korona, redio na runinga zilirudi tena kuwa darasa la taifa. Safari hii, hata hivyo, masomo mengi yalikuwa ya kusikiliza tu. Aliyekuwa na mzazi wa kumwuliza maswali alifaidi. Aliyekuwa malishoni alisikia sauti ikipita kama upepo. Tofauti ya masomo hayo mawili yatosha kuwa kipimo cha kifaa chochote tunacholetewa leo. Tusiulize kina rangi ngapi. Tuulize: je, kinamfanya mtoto aseme, na je, atakitumia kesho?

Basi tufanyeje? Nitaeleza tunayoyafanya darasani kwangu, si kwa sababu ni ya ajabu, ila kwa sababu mwalimu yeyote aweza kuyaanza Jumatatu ijayo. Shule nyingi za malazi haziruhusu wanafunzi kuwa na simu, na sina ugomvi na kanuni hiyo. Simu inayohitajika ni moja tu, ya mwalimu.

Hatua ya kwanza ni sikio. Huwa nanasa sauti ya mtu anayekisema Kiswahili kwa ufasaha akitamka maneno mawilimawili yaliyokaribiana: pata na bata, pana na bana, fika na pika. Wanafunzi husikiliza bila kitabu na kuonyesha kwa vidole, kimoja au viwili, ni neno lipi lililotamkwa. Hakuna anayesema kitu, hivyo hakuna anayechekwa. Katika zoezi hili ndipo nilipogundua kwamba baadhi ya wanafunzi niliodhani wana ndimi nzito walikuwa na masikio ambayo hayajawahi kupewa nafasi.

Hatua ya pili ni kinywa. Mwanafunzi huingia katika chumba cha maktaba pamoja na mwenzake mmoja, akasoma aya fupi, na simu ikanasa. Kisha hujisikiliza mwenyewe, akaisikiliza sauti ya msomaji hodari, akajisikiliza tena. Yule aliyenyamaza muhula mzima alianzia hapa. Hakugeuka kuwa msemaji hodari kwa wiki moja. Alichokipata ni kujua kosa liko wapi, na mtu anayejua kosa lilipo haogopi tena kila neno. Huogopa maneno machache, na hayo machache huyafanyia mazoezi.

Hatua ya tatu ndiyo ninayoithamini kuliko zote. Wakati wa likizo, kila mwanafunzi huombwa amtafute nyanya au babu na kunasa hadithi moja kwa lugha ya nyumbani, kwa simu ya mtu wa familia. Muhula ukifunguliwa, huisikilizisha darasa dakika mbili tatu za mwanzo, kisha huisimulia yote kwa Kiswahili. Hapo tofauti za lugha hujidhihirisha zenyewe. Mborana hueleza kwa nini kitendo kimekuja mwisho. Msamburu hueleza kwa nini kwao kimetangulia. Mmeru huuliza jina lile limekuwaje la kike. Sarufi ambayo ningeifunza kwa wiki mbili kwa chaki, wanafunzi huifunzana wenyewe kwa vipindi viwili, na kila mmoja hutoka akijua kwamba lugha yake ina kanuni, haikosi adabu.

Hadithi hizo zikiandikwa, zina pa kwenda. Kuna mradi wa African Storybook, ulioanza mwaka 2014 chini ya taasisi ya Saide ya Afrika Kusini, unaochapisha vitabu vya picha vya watoto katika lugha nyingi za Afrika. Kiswahili na Kiturukana zimo. Vitabu hivyo ni huru: mwalimu aweza kuvipakua, kuvichapisha, kuvitafsiri na kuongeza vyake. Kuna pia mradi wa Common Voice wa shirika la Mozilla, ulioanza mwaka 2017, ambamo watu wa kawaida husoma sentensi kwa sauti na wengine huzihakiki, ili mashine zijifunze kusikia namna watu wa matabaka na maeneo mbalimbali wanavyosema. Kiswahili kimo. Je, ni sauti ngapi za Isiolo zilizomo? Mashine ambayo haijawahi kumsikia Mborana mtu mzima akizungumza Kiswahili itamwambia kila siku kwamba amekosea, hata alipopatia.

Hapa sharti nitoe tahadhari. Sauti ya mtoto ni mali ya mtoto. Sheria ya Kulinda Data ya mwaka 2019 inataka mzazi au mlezi atoe idhini kabla ya habari za mtoto kukusanywa. Kwa hiyo sauti za wanafunzi wangu hubaki kwenye kadi ya kumbukumbu shuleni, na hufutwa kazi ikiisha. Kinachoweza kutolewa nje ni hadithi iliyoandikwa, au sauti ya mtu mzima aliyekubali. Mwalimu asiyezingatia hili atakuwa ameleta faida kwa mkono wa kulia na madhara kwa mkono wa kushoto.

Najua nitapingwa. Wapo watakaosema kwamba kuleta Kiborana na Kiturukana katika kipindi cha Kiswahili ni kukichafua Kiswahili. Fikra hiyo ni ya kale. Wengi wetu tunakumbuka kile kibao cha aibu alichovishwa shingoni mwanafunzi aliyepatikana akizungumza lugha ya mamaye. Kibao kile hakikumfunza mtu Kiswahili hata kimoja, kilimfunza kunyamaza. Katiba ya mwaka 2010, katika kifungu cha saba, inakitambua Kiswahili kuwa lugha ya taifa, na papo hapo inaiagiza serikali ikuze na kulinda lugha za Wakenya. Katiba haikuona ugomvi kati ya mambo hayo mawili. Kwa nini sisi tuuone?

Wapo pia watakaosema kwamba haya yote yamepitwa na wakati, kwa kuwa sasa kuna akili unde. Tangu programu ya ChatGPT ilipotokea mwezi Novemba 2022, mwanafunzi mwenye simu nyumbani aweza kuagiza insha nzima ya Kiswahili na kuipata kabla chai haijapoa. Nimeletewa insha za namna hiyo. Ni safi, zimenyooka, na hazina harufu ya mahali popote. Mgeni ndani yake hufika "kijijini", lakini kijiji hicho hakina ngamia, hakina vumbi, hakina kisima, wala hakina mtu aitwaye kwa jina la kwetu. Mwanafunzi aliyeileta hajafunzwa lugha, ameajiri kibarua. Siku ya mtihani kibarua huyo haruhusiwi kuingia.

Hata hivyo, sishauri tuikatae akili hiyo. Ewe mwanafunzi, iandike insha yako kwanza kwa mkono wako, kisha iulize mashine ikuonyeshe upatanisho wa ngeli ulipovunjika. Iombe mifano kumi ya sentensi zenye "-enye" na "-ote", uizibe kwa kiganja, uijaribu mwenyewe. Ikikupa methali, iulize kwa mzee kama yupo anayeisema. Mashine hizi hubuni methali ambazo hazijawahi kusemwa na Mswahili yeyote. Itumie kama unavyoutumia mwenge: ukuonyeshe njia, miguu iwe yako.

Kwa wakuu wa elimu nina maombi matatu. Kwanza, masomo ya kidijitali yanayotayarishwa na Taasisi ya Ukuzaji wa Mitaala yawe na mazoezi ya sauti yaliyogawanywa kulingana na lugha ya kwanza ya mwanafunzi. Zoezi la /p/ na /b/ kwa msemaji wa Kisomali na Kiborana, la /f/ na /p/ kwa Mturukana na Msamburu. Kazi hiyo si kubwa. Walimu wa kaskazini wanaweza kuitayarisha katika warsha moja wakilipiwa nauli na chakula. Pili, yote yawekwe katika visanduku vile vya shuleni na katika kadi za kumbukumbu, yasitegemee intaneti. Ukame ulioanza mwishoni mwa mwaka 2020, ambapo misimu mitano ya mvua ilikosekana mfululizo, ulitufunza kwamba familia za wafugaji huhama pamoja na watoto wao. Somo lililo kwenye kadi huhama nao; lililo mtandaoni hubaki nyuma na mnara. Baraza la Taifa la Elimu ya Wafugaji Wahamaji lina nafasi ya kuongoza katika jambo hili. Tatu, kusikiliza na kuzungumza kupewe alama katika mitihani ya kitaifa. Kisichopimwa hakifunzwi, huo ndio ukweli wa shule zetu, tupende tusipende.

Kwa serikali ya kaunti ombi langu ni dogo zaidi. Maktaba, vituo vya vijana na redio za hapa mjini zikikubaliana, nusu saa kwa siku ya redio yenye maswali na kimya cha kujibia ingewafikia watoto ambao vishikwambi havitawafikia miaka mingi ijayo. Maji ya kifuu ni bahari ya chungu.

Nawe mwalimu mwenzangu, usingoje zabuni. Simu uliyo nayo mfukoni, ambayo jana uliitumia kupokea mshahara na kutuma salamu, ina kinasa sauti. Chagua jozi tano za maneno yanayowatatiza watoto wa darasa lako. Hutazipata katika kitabu chochote, kwa kuwa hakuna mwandishi anayelijua darasa lako kama unavyolijua. Zinase Ijumaa hii. Jumatatu, kabla hujaandika tarehe ubaoni, wasikilizishe.